Wahome Mutahi: Mtunzi aliyehamisha jukwaa la tamthilia hadi kwenye baa

JINA la hayati Wahome Mutahi lingali midomoni mwa wapenzi wa magazeti nchini, ijapokuwa zaidi ya miaka 20 imepita tangu alipofariki. Wengi humkumbuka kwa safu ya Whispers, iliyowachekesha wasomaji kila Jumapili kwa takriban miongo miwili. Si vibaya akumbukwe hivyo. Hata hivyo, mwandishi huyu alikuwa pia mtunzi wa tamthilia, mwigizaji na kiongozi wa kundi la maigizo, na katika miaka yake ya mwisho jukwaa lilimshughulisha sawa na kalamu. Jukwaa lenyewe halikuwa la Kenya National Theatre wala la ukumbi wa chuo kikuu. Lilikuwa sakafu ya baa, kati ya meza na kaunta, mbele ya watu walioshika chupa mkononi.

Huenda jambo hilo lisimshangaze kijana wa leo, aliyezoea kuona wachekeshaji wakiwaiga wakubwa wa nchi kwenye runinga na simu. Katika miaka ya 1990 lilikuwa jambo zito. Aliyemkejeli Rais hadharani alijua njia hiyo iliweza kumfikisha Nyayo House, na Wahome aliijua kuliko wengi kwa kuwa alikuwa ameipita.

Paul Wahome Mutahi alizaliwa Oktoba 24, 1954, katika wilaya ya Nyeri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa miaka miwili kabla, na mwaka huo wa 1954 ndio uliokuwa mkali zaidi kwa watu wa Kati na kwa wakazi wa Nairobi. Mnamo Aprili 24, miezi sita kamili kabla ya kuzaliwa kwake, majeshi ya Mwingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Askari walipita mtaa baada ya mtaa, hasa upande wa Eastlands, wakiwazoa maelfu ya wanaume na kuwapeleka katika kambi za kizuizini.

Wakazi wa Makadara huishi na kumbukumbu za enzi hiyo kila siku pasipo kuzitafuta. Mtaa wa Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na mitaa ya Ofafa inamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Mzazi anayempeleka mwanawe shuleni Ofafa Jericho hutaja jina la mtu aliyekufa katika vita vile, pengine bila kujua. Kule Nyeri nako serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika maboma yao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha. Wahome alizaliwa katikati ya msukosuko huo, katika nchi ambayo neno moja lililosikiwa na sikio baya liliweza kumpoteza mtu. Anayejiuliza ni wapi alikojifunza kusema jambo kubwa kwa kulizunguka hana haja ya kwenda mbali.

Nguzo nyingine ya malezi yake ilikuwa Kanisa Katoliki. Wamishonari wa Consolata kutoka Italia walikuwa wameota mizizi Nyeri tangu mwanzo wa karne ya 20, na kijana huyu alilelewa katika imani hiyo na kusomea katika seminari. Upadri haukuwa fungu lake, lakini misa, maungamo na mapadri wa Kizungu waliosema Kikuyu kwa lafudhi ya Kiitaliano walimpa hazina ambayo haikumwishia maishani. Baadaye alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaingia katika uandishi wa habari.

Safu ya Whispers ilianza mapema katika miaka ya 1980 katika gazeti la Standard la Jumapili, kabla ya kuhamia Sunday Nation, ambako ndiko ilikokomaa na kupata umaarufu. Mhusika mkuu alikuwa Whispers mwenyewe, mwanamume wa makamo aliyetoka kijijini Nyeri akaja kuishi Nairobi, mwenye majigambo mengi na pesa chache. Mkewe alimwita Thatcher, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, kwa kuwa nyumba ilikuwa chini ya mamlaka yake. Walikuwa na mwana, Whispers Junior, ambaye baba alimwona kama jambazi aliyelelewa nyumbani, na binti aliyeitwa Pajero, jina la gari la kifahari lililokuwa fahari ya matajiri wa wakati huo. Kijijini alikuwako mama mzazi, Appepklonia, na padri wa parokia, Father Camisassius.

Safu iliandikwa kwa Kiingereza, lakini kilikuwa Kiingereza cha Mkenya. Maneno ya Kikuyu, Kiswahili na Sheng yaliingia bila kubisha hodi, na mara nyingine mwandishi aliyaendeleza maneno ya kigeni jinsi yanavyotamkwa na mzee wa kijijini. Mwalimu wa lugha angeweza kukunja uso. Msomaji wa kawaida alijisikia nyumbani.

Ni vigumu kumweleza asiyekuwako jinsi safu hiyo ilivyosomwa. Katika mitaa ya Jericho, Maringo na Hamza, ambako nyumba za baraza la jiji zimekaribiana hata jirani hupiga chafya ukamwitikia, gazeti moja la Jumapili halikuwa la aliyelinunua peke yake. Lilihama mkono hadi mkono mpaka kurasa zikalegea, na mara nyingi ukurasa wa Whispers ndio uliotangulia kupotea. Wengi walianzia hapo kabla ya kurudi kusoma habari za siasa. Na pengine hawakukosea, maana siasa nyingi zilikuwamo humo humo.

Hapo ndipo penye ufundi wa Wahome. Katika nchi yenye chama kimoja, haikuwa rahisi kuandika gazetini kwamba kiongozi anapenda kusifiwa, kwamba hazina inafujwa, au kwamba raia wanatishwa. Lakini nani angemkamata mtu kwa kuandika kwamba mkewe anatawala nyumba kwa mkono wa chuma, kwamba bajeti ya nyumbani imeliwa katika baa, au kwamba baba anadai heshima asiyostahiki? Nyumba ya Whispers ilikuwa Kenya ndogo. Msomaji aliyetaka kucheka tu alicheka. Aliyetaka kuelewa zaidi alielewa.

Tusimtakase kupita kiasi, hata hivyo. Baadhi ya mizaha yake kuhusu wanawake imezeeka vibaya. Binti anayetazamwa na baba kama akiba ya kuleta mahari ni kichekesho kinachomsuta baba, lakini si kila msomaji wa kiume aliyekipokea hivyo. Wako waliocheka pamoja na Whispers badala ya kumcheka Whispers. Mwandishi wa kejeli hana uwezo wa kuchagua kicheko cha msomaji wake.

Mwaka 1986 mambo yalimbadilikia. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikiwasaka wanachama wa Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, kundi la siri lililochapisha vijikaratasi vya kuipinga. Tangu Machi mwaka huo walimu wa vyuo vikuu, wanafunzi, wanahabari, wakulima na wafanyakazi walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Wengi walifikishwa mahakamani jioni, ofisi zikiwa zimekwisha kufungwa, bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa papo hapo. Wahome na ndugu yake Njuguna walikuwa miongoni mwa waliokamatwa.

Walipelekwa Nyayo House, jumba refu lililo katika makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambalo mamilioni ya Wakenya hulijua kwa sababu ya pasipoti na vitambulisho. Juu kulikuwa na ofisi za serikali. Chini ya ardhi kulikuwa na seli. Ushuhuda wa waliopitia humo umerekodiwa mara nyingi: wafungwa walivuliwa nguo, wakafungwa vitambaa machoni, wakapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa na kupigwa, kisha wakarudishwa katika seli zilizomwagiwa maji, ambamo mtu hakuweza kulala wala kuketi mahali pakavu kwa siku kadhaa. Raia aliyepanga foleni kungojea karatasi zake hakujua kilichokuwa kikitendeka chini ya viatu vyake.

Baada ya hapo Wahome alifungwa gerezani. Alipoachiliwa alirudi katika uandishi, na hapa ndipo tabia yake inapoonekana wazi. Wapo waliotoka Nyayo House wakanyamaza, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Wapo waliokimbilia ng'ambo. Yeye alibaki, akaendelea kuchekesha, lakini sasa akawa pia na jambo lisilochekesha la kusema.

Jambo hilo alilisema katika riwaya. Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, inawafuata Chipota na Momodu, watu wawili wanaoangukia mikononi mwa makachero wa nchi isiyotajwa na kuteswa ili wakiri wasiyoyatenda. Nchi haikutajwa, lakini hakuna Mkenya aliyehitaji ramani. Kitabu kilitoka mwaka ule ule ambapo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee, kilifutwa mwezi Desemba. Riwaya hiyo ilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwaka 1992 alifuatisha The Jail Bugs, kuhusu maisha ya gerezani, ambapo kunguni na askari jela wanashindana kumnyonya mfungwa. Asiyemjua Wahome ila kwa Whispers akizisoma riwaya hizi atadhani ziliandikwa na mtu mwingine. Hazina haraka ya kuchekesha. Mwaka 1996 alirudi kwenye mzaha kwa kitabu kidogo, How to Be a Kenyan, kinachowapima Wakenya kwa mienendo yao ya kila siku, na ambacho kingali kikisomwa.

Tukija sasa kwenye tamthilia, ni lazima tutazame kwanza hali aliyoikuta.

Miaka ya 1970 ilikuwa imeanza kwa matumaini. Mnamo Oktoba 1976 tamthilia mbili za Kenya, Betrayal in the City ya Francis Imbuga na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, ziliigizwa katika Kenya National Theatre kabla ya kupelekwa katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka 1977. Watunzi walilazimika kupigania siku chache za kuutumia ukumbi huo, ambao kwa muda mrefu ulikuwa umetawaliwa na makundi ya Wazungu na michezo ya Ulaya. Kisha ikaja Kamiriithu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho cha Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda, ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, kwa lugha ya Kikuyu. Watu walifurika. Mwezi Novemba serikali ikaondoa leseni, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 kundi lilipojaribu tena kwa mchezo mwingine lilizuiwa, na mwezi Machi ukumbi wao wa wazi ukabomolewa.

Somo hilo lilieleweka kwa kila mtunzi. Kuandika dhidi ya wakubwa kwa Kiingereza, ndani ya ukumbi wa watu wachache, kuliweza kuvumiliwa. Kuandika kwa lugha ya wananchi na kuwapelekea mahali walipo kulikuwa hatari. Imbuga alipita katika mwanya uliobaki kwa kuiweka hadithi yake katika nchi ya kubuni, Kafira, na kumwita mtawala wake Boss. Tamthilia hiyo ikawa kitabu teule shuleni wakati wa utawala uliofanana nayo. Ni werevu wa kupongezwa. Wahome alichagua mwanya mwingine.

Sheria ilitaka mchezo wa jukwaani upate leseni, na miswada ipelekwe kwa maafisa wa serikali kusomwa kwanza. Aidha, hadi mageuzi ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na chifu au mkuu wa wilaya aliweza kuutawanya. Kumbi za kijamii, ambazo Eastlands inazo tangu enzi za mkoloni, zilikuwa mali ya baraza la jiji. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa umewasikia wanasiasa wakubwa kabla ya uhuru, lakini kundi la maigizo lililotaka kumcheka Rais katika miaka ya mwanzo ya 1990 halingepewa funguo kwa urahisi. Na ile Kenya National Theatre ilikuwa mbali, si kwa maili tu. Mfanyakazi wa kiwandani anayeishi Makongeni alihitaji nauli ya matatu hadi mjini, kisha atembee hadi mkabala wa hoteli ya Norfolk, alipe kiingilio, aketi kimya gizani kwa saa mbili miongoni mwa watu waliovaa suti, halafu atafute gari la kumrudisha barabara ya Jogoo usiku. Hakwenda.

Lakini baa alikwenda. Baa ilikuwa na leseni yake tayari, ilikuwa na viti, taa na watu, na mwenyewe alikuwa na sababu ya kuwakaribisha waigizaji, kwa maana mteja anayecheka hunywa moja zaidi. Wahome alikuwa amezifahamu baa kwa miaka mingi kupitia Whispers, mhusika ambaye nusu ya visa vyake vilimkuta humo. Alijua kwamba mlevi na mstaarabu wa baa husema mambo wasiyoyasema kazini. Katika miaka ya 1990, akiwa na kundi la Igiza Productions, alianza kuipeleka tamthilia huko, Nairobi na katika miji ya Mkoa wa Kati.

Mchezo uliovuma zaidi ni Mugathe Mubogothi. Kichwa hicho pekee kilikuwa tamthilia nzima. Mugathe ni neno la Kikuyu la kumtukuza mkubwa, na ndilo lililotumiwa kumtaja Mtukufu Rais katika vyombo vya habari vya lugha hiyo. Mubogothi ni mtu anayeweweseka, anayesema ovyo kama mgonjwa wa homa kali. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili unapata Mtukufu anayeweweseka. Hapakuwa tena na Kafira, wala nyumba ya Whispers, wala pazia la aina yoyote. Baada yake ilikuja Mugathe Ndotono. Kulikuwa pia na Makaririra Kioro, kichwa kinachomaanisha kwamba watalia chooni, na kila mnywaji alikuwa na orodha yake ya watakaolia. Ngoma cia Aka aliitunga akishirikiana na Wahome Karengo.

Mchezo wa baa una kanuni zake. Hauna pazia la kufungua wala mlango wa nyuma wa kuingilia, na mhudumu huendelea kupita na trei mwigizaji akiwa katikati ya usemi wake. Mnywaji akichoka hageuki kutazama saa kwa adabu. Huanza kuongea na jirani yake kwa sauti, na mwigizaji ameshapotea. Kwa hiyo mambo yalipaswa kwenda kasi, vichekesho kufuatana, na wahusika kuwa wakubwa kuliko watu halisi. Habari za wiki hiyo ziliweza kuingizwa usiku huo huo. Watazamaji walijibu, walipinga, waliongezea yao. Wahome aliigiza mwenyewe pamoja na wenzake, na ilikuwa jambo la kipekee kwa msomaji wa Jumapili kumwona mtu aliyekuwa akimsoma akitoka jasho mbele yake.

Wahakiki wa chuo kikuu hawakukubaliana kuhusu thamani ya kazi hizo. Walalamishi waliona ni mizaha ya walevi, isiyo na muundo wala wahusika wenye kina, na kwamba mtunzi wa Three Days on the Cross alikuwa akijishusha. Mimi naona lawama hiyo inapima samaki kwa kipimo cha ndege. Tamthilia ya baa haikutungwa ili isomwe maktabani miaka 50 baadaye. Ilitungwa ili mtu anayemwogopa chifu wake amcheke mkubwa wa chifu wake, akiwa amekaa na majirani wanaocheka pia, na kila mmoja aone kwamba si yeye peke yake. Hofu hukaa ndani ya mtu mmoja mmoja. Kicheko cha baa nzima huwezi kukikamata na kukipandisha lifti.

Lawama nyingine ina uzito zaidi. Michezo hii iliigizwa kwa Kikuyu, ingawa Kiswahili na Kiingereza vilichanganywa humo. Kwa mji wa Nyeri au Thika hilo halikuwa tatizo. Kwa Makadara, ambako Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu wanagawana bomba moja la maji, lugha iliwachuja watazamaji mlangoni. Tena miaka ya 1990 Wakikuyu wengi walikuwa upinzani, wengine wakiwa wamefukuzwa makwao Bonde la Ufa katika ghasia za mwaka 1992 na 1997. Kumcheka Moi mbele yao kulikuwa kama kumhubiria padri. Kicheko hicho kingevuka barabara na kumfikia jirani wa kabila lingine kama kingesemwa kwa Kiswahili, lugha ambayo ndiyo ya baa za Eastlands. Wahome alikuwa na hoja ya kujitetea: Kamiriithu ilikuwa imekatazwa kwa sababu ya lugha, na kuirudisha lugha hiyo jukwaani kulikuwa ushindi. Hata hivyo swali linabaki, na watunzi wa Nairobi bado wanalo mezani.

Desemba 2002 wapiga kura waliing'oa KANU, na tarehe 30 ya mwezi huo Mwai Kibaki, mzaliwa wa Nyeri kama Wahome, aliapishwa katika bustani ya Uhuru. Mtawala ambaye michezo ya baa ilikuwa imemcheka kwa miaka mingi aliondoka kwa amani. Februari 2003 serikali mpya ilifungua seli za Nyayo House ili wananchi wazione, na waliowahi kufungwa humo wakaongoza wageni wakiwaonyesha mahali walipolala majini. Kwa mtunzi wa kejeli, wakati kama huo ni wa furaha na wa mtihani pia. Sasa rafiki ndio wangeshika madaraka, na wenzake wa jana walikuwa bungeni na katika baraza la mawaziri. Je, naye angewacheka? Tunaijua tabia yake kiasi cha kukisia kwamba hangewaacha, lakini hakupewa nafasi.

Mnamo Machi 7, 2003, aliingia hospitalini mjini Thika kuondolewa uvimbe mgongoni. Ulikuwa uvimbe wa mafuta, usio wa saratani, na upasuaji wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa mtu kurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Hakuzinduka. Alihamishiwa Hospitali Kuu ya Kenyatta akiwa hajitambui, na nchi ikaanza kusubiri. Wiki zikawa miezi. Magazeti yaliripoti hali yake, wasomaji wakachanga, makanisa yakaomba, na mjadala mkali ukazuka kuhusu dawa za usingizi, uwezo wa wataalamu wanaozitoa na haki za mgonjwa anayeumizwa kwa matibabu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wakenya wengi kulijadili jambo hilo kwa mapana, kwa kuwa aliyelala pale alikuwa mtu waliyemhesabu kama jamaa.

Alifariki Julai 22, 2003, baada ya siku 137 bila fahamu. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake The Miracle Merchant, na mwaka uliotangulia visa vya Father Camisassius vilikuwa vimekusanywa na kuchapishwa. Mwaka 2006 wachapishaji wa Kenya walianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, inayopokezana mwaka na ile ya Jomo Kenyatta ambayo yeye mwenyewe aliipata, na ambayo huwatuza waandishi wa Kiswahili na wa Kiingereza. Baadhi ya wanaoipokea walikuwa watoto wadogo wakati Whispers akiwa hai.

Tamthilia zake hazikupata bahati ya riwaya. Mchezo uliokuwa ukibadilika kila usiku hauhifadhiki kwa urahisi katika kitabu, na sehemu kubwa ya uhai wake iliishi katika miili ya waigizaji na majibu ya walevi. Lakini mbinu yenyewe ilibaki. Makundi yanayoigiza kwa Kikuyu na kwa lugha nyingine katika baa na hoteli za Nairobi siku za wikendi, na yanayojaza viti bila kumtegemea mfadhili wala ukumbi wa serikali, yanatembea katika njia iliyofyekwa na Igiza Productions. Nayo mamlaka haijaacha kuiogopa tamthilia. Mwaka 2013 wizara ya elimu ilizuia mchezo wa wasichana wa Butere katika tamasha la kitaifa, hadi mahakama ikaingilia kati. Mnamo Aprili 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War, na polisi wakarusha vitoa machozi karibu na mahali walipotarajiwa kuuigiza.